Daftari la shukrani tarehe 21 Mei: kwa aliyefiwa na baba katika MV Bukoba

Ndugu yangu, umeuliza kama kuna faida kuandika daftari la shukrani kila inapofika tarehe 21 Mei, ilhali baba yako alizama na MV Bukoba, meli ya abiria ya Ziwa Victoria, mwaka 1996 ukiwa mdogo, na kila ukitaka kuandika neno "nashukuru" unajiona kama unamsaliti. Mimi nilifiwa na shangazi yangu katika meli hiyohiyo na nimekuwa nikiandika siku hiyo kwa miaka mingi, kwa hiyo nitajibu kwa niliyoyapitia na machache niliyoyasoma.

Hisia yako ni ya haki. Shukrani inayotangulia kilio haimtulizi mtu. Ushauri wa kuorodhesha mambo mema una msingi wake: Robert Emmons na Michael McCullough, wanasaikolojia wa Marekani, walichapisha mwaka 2003 majaribio ambamo wanafunzi walioandika mambo ya kushukuru mara moja kwa wiki, kwa wiki 10, waliyaridhia maisha yao zaidi kuliko walioandika kero zao. Lakini hao walikuwa katika wiki za kawaida za masomo, si watu wanaokabili siku ya msiba wao. Kwetu sisi naona unafaa zaidi utafiti wa James Pennebaker na Sandra Beall wa mwaka 1986, ambao waliwataka wanafunzi waandike kwa dakika 15, siku nne mfululizo, juu ya jambo lililowaumiza maishani, wakieleza tukio pamoja na hisia zao. Baada tu ya kuandika walihuzunika kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida, ila katika miezi iliyofuata walikwenda kutibiwa mara chache zaidi. Ishike hiyo huzuni ya mwanzo akilini, kwa sababu wengi hufunga daftari hapo wakidhani wamejitonesha kidonda bure.

Basi mimi huanza siku chache kabla ya tarehe yenyewe, na huanza na marehemu, si na shukrani. Shangazi alikuwa mchuuzi wa ndizi aliyezoea kuvuka kwenda Mwanza kwa daraja la tatu. Meli ile iliruhusiwa kubeba abiria 430, lakini abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha ya majina, na ndiyo maana mpaka leo idadi ya waliokufa hutajwa kwa makadirio. Mwili wake haukutambuliwa, hivyo hatujui kama ni miongoni mwa waliozikwa Igoma, Mwanza, au alibaki ziwani. Kwa hiyo ukurasa wangu wa kwanza hubeba jina lake kamili, la ubatizo na la ukoo, kisha namna alivyocheka, alivyobishana bei, na wateja aliowakopesha bila kuandika popote. Mengine huyarudia mwaka hadi mwaka, na sioni ubaya.

Liko jambo moja ningekusihi usiliandike. Sote tunajua kwamba meli ilipinduka karibu na Mwanza, ikaelea kwa muda huku watu wamekwama ndani, na kwamba ilipotobolewa ili waokolewe hewa ilitoka ikazama. Akili hupenda kujaza tusichokiona. Andika unachokijua, uandike pia hasira yako juu ya kujaza watu kupita kiasi kama unayo, lakini usimtungie baba yako dakika za mwisho, kwani ukishaziandika utaanza kuzikumbuka kana kwamba ulizishuhudia.

Shukrani huja baadaye, nami siielekezi kwenye ajali hata kidogo. Wapo wanaosema kila msiba una fundisho. Siwezi kuishukuru meli iliyozama. Ninawashukuru watu: shangazi mwenyewe aliyeninunulia sare ya shule, jirani aliyewalea watoto wawili wa shangazi baada ya matanga, waliotoka na mitumbwi kwenda kuokoa, na wale ambao bado hufika makaburini Igoma kila mwaka kusali na kufyeka majani. Shukrani inayomlenga mtu haimsaliti marehemu, maana mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kushukuriwa. Isitoshe, inakupa la kufanya. Yule jirani yu hai, na nikishamwandika humpigia simu.

Tumia kaunta buku ya kawaida kuliko simu, kwa kuwa simu italeta picha na mabishano ya siku hiyo. Andika asubuhi au alasiri, usiandike usiku unapokaribia kulala. Kama ni mtu wa dua au misa, anza na ibada. Ukiona usingizi umekupotea kwa wiki kadhaa au huwezi kufanya kazi zako, weka daftari kando ukamwone mshauri nasaha katika hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe.

Kwa mwaka huu ningeandika jina la baba na kitu kimoja alichokitengeneza au kukipanda kwa mikono yake, na neno "nashukuru" ningeliacha mpaka lije lenyewe. Ulitaja kwamba mama yako hapendi kulizungumzia jambo hili. Usimuulize habari za ajali. Muulize walivyokutana yeye na baba, kisha mwache aseme apendavyo nawe uandike.