Nduna Mkomanile: tumkumbuke kwa lipi?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafundisha historia katika shule ya sekondari mkoani Ruvuma, na kila mwezi Februari huwa tunawapeleka wanafunzi Songea kwenye maadhimisho ya mashujaa wa Vita vya Majimaji. Safari iliyopita binti mmoja aliniuliza kama Nduna Mkomanile alishiriki vita kwelikweli, au aliingizwa katika orodha ya mashujaa ili na wanawake wapate mtu wao. Sasa tumeamua kumwandalia kumbukumbu yake hapa shuleni, na tungependa yatakayosemwa yawe ya kweli. Tuanzie wapi?
Mwalimu, Namtumbo

JIBU: Mwalimu, anzeni na cheo chake, kwa maana cheo hicho ndicho kinachomjibu binti huyo. Chini ya Nkosi, yaani mtawala mkuu wa Wangoni, walikuwako manduna, ambao kila mmoja alisimamia eneo lake, akasikiliza mashauri ya watu wake na, vita vilipotokea, akawakusanya wapiganaji. Mkomanile alikuwa na cheo hicho upande wa Kitanda, katika eneo ambalo leo ni la wilaya yenu wenyewe. Wajerumani hawakuwa na desturi ya kumnyonga kila mwanamke aliyewapikia wapiganaji. Walimnyonga yeye kwa sababu walimhesabu kuwa mmoja wa viongozi waliowaingiza Wangoni vitani, na katika hilo hawakukosea.

Vita vilianza Julai 1905 huko Nandete, katika milima ya Umatumbi, watu walipochoka kulimishwa pamba kwa nguvu wakaing'oa. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, ambaye ndiye aliyekuwa akigawa dawa, alinyongwa mwanzoni mwa Agosti, lakini kufikia hapo dawa ilikuwa imekwisha kupata wasambazaji wake, na mmoja wao, Omari Kinjala, aliifikisha Ungoni. Ilikuwa maji yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika na punje za mtama, ambayo watu walinyunyiziwa na wengine wakanywa, wakiamini kwamba risasi za Mjerumani zingegeuka maji. Wanafunzi hucheka wanapofika hapa, nami nisingewakataza. Lakini waulizeni pia ni kitu gani kingine, katika miezi ile michache, kiliweza kuwaunganisha Wamatumbi, Wangindo na Wangoni, watu ambao kabla ya hapo walikuwa wakivamiana.

Hapa ndipo mahali pa Mkomanile. Mgeni asiye Mngoni hakuweza kuingia tu kwa wakuu wa Ungoni akawataka wanywe dawa yake. Alihitaji mwenyeji mwenye cheo wa kumdhamini. Mapokeo ya Ungoni yanamtaja Mkomanile kuwa ndiye aliyempokea Kinjala na kuifungulia njia dawa hiyo, na kwa kiongozi wa eneo uamuzi wa namna hiyo ni mzito kuliko kushika mkuki, kwa sababu aliyeufanya aliweka rehani watu wake wote pamoja na shingo yake.

Yaliyofuata mnayafundisha kila mwaka, kwa hiyo sitayarefusha: bunduki za rashasha, kisha kuchomwa kwa vijiji na maghala ya chakula, na njaa iliyoua watu wengi kuliko risasi. Tarehe 27 Februari 1906 walinyongwa Songea watu zaidi ya 60, akiwemo Nkosi Mputa Gama, na Mkomanile akiwa mwanamke pekee kati yao. Mmisionari wa Kibenediktini aliwabatiza baadhi yao kabla ya kunyongwa. Walizikwa pamoja katika kaburi la halaiki, ambalo sasa lipo kwenye eneo la Makumbusho ya Majimaji. Songea Mbano, nduna mwingine aliyenyongwa, ambaye jina lake ndilo la mji, alizikwa peke yake.

Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipofika hapo Novemba 2023 kuomba msamaha, habari nyingi zilimhusu Songea Mbano na fuvu lake, linalosadikiwa kupelekwa Ujerumani. Ninaelewa sababu, kwani ukoo wake bado unadai mabaki yake. Hata hivyo, ndani ya kaburi lile la pamoja wamo watu ambao hatuwataji hata mara moja kwa mwaka, na ninyi mmechagua vyema kuanza na mmoja.

Kuhusu sherehe yenyewe, nashauri jina lake litajwe pamoja na cheo, yaani Nduna Mkomanile, wala asitambulishwe kama mke au mama wa fulani, kwa sababu hakunyongwa kwa ajili ya mwanamume yeyote. Msimtungie mapigano wala hotuba ya mwisho chini ya kitanzi; igizo la shule huvutwa sana na mambo hayo, na kumpokea Kinjala kunatosha kabisa kuwa onyesho zima. Ngoma ya Wangoni ya lizombe ichezwe na wanaoijua. Waalikeni wazee wa Kitanda waseme wanavyosimuliana, na binti aliyeuliza swali apewe kazi ya kuyaandika. Tena fanyeni siku chache kabla ya tarehe 27, kwani siku yenyewe wazee wengi mnaowahitaji watakuwa wameshakwenda Songea.