Maswali ya Wasomaji: Othmar Schoeck na Opera Iliyomchafulia Jina

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwimbaji wa kwaya na mpenzi wa opera. Hivi karibuni nilisikiliza opera Penthesilea ya Othmar Schoeck, mtunzi wa Uswisi, nikashangaa kwamba jina lake halitajwi pamoja na watunzi mashuhuri wa opera kama Richard Strauss na Alban Berg. Rafiki yangu anasema alisahauliwa kwa sababu alikuwa Mnazi. Je, ni kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, Schoeck hakuwa Mnazi, lakini alipokea heshima na jukwaa katika Ujerumani ya Wanazi wakati ambapo Mswisi yeyote aliyesoma gazeti alijua watawala wale ni watu wa namna gani. Mwaka 1937 alikwenda Freiburg, Ujerumani, kupokea tuzo, na Waswisi wengi walikasirika. Kisha ikaja Das Schloss Dürande, opera yake ya mwisho, iliyooneshwa kwa mara ya kwanza mjini Berlin tarehe 1 Aprili 1943, miezi miwili tu baada ya jeshi la Ujerumani kusalimu amri Stalingrad. Maneno yake yaliandikwa na Hermann Burte, mshairi aliyewaunga mkono Wanazi waziwazi, na ni mashairi dhaifu mno. Hata Göring, mmoja wa viongozi wakuu wa Wanazi, aliyekuwa na mamlaka juu ya jumba la opera la Berlin, alipeleka telegramu ya matusi kuyalaani. Basi Schoeck alipoteza pande zote mbili: Berlin waliiondoa opera hiyo baada ya maonesho machache, na nyumbani alilaumiwa kwa kuipeleka huko. Mimi naona lawama hiyo ilikuwa ya haki. Mwaka uliofuata alipatwa na ugonjwa wa moyo akiwa anaongoza tamasha, na ingawa aliishi hadi tarehe 8 Machi 1957, hakutunga opera nyingine.

Hata hivyo, siasa peke yake haielezi kwa nini jina lake ni dogo. Schoeck alizaliwa mwaka 1886 mjini Brunnen, kando ya Ziwa Lucerne, akiwa mwana wa mchoraji wa mandhari. Yeye mwenyewe alijaribu uchoraji kabla ya kuingia chuo cha muziki Zürich na baadaye kusoma Leipzig, Ujerumani, kwa mtunzi Max Reger. Riziki yake ilitokana na kuongoza kwaya, na kuanzia 1917 hadi 1944 aliongoza matamasha ya okestra mjini St. Gallen. Zaidi ya yote alikuwa mtunzi wa nyimbo za sauti moja zinazosindikizwa na piano, na alitunga zaidi ya 300. Mtu wa namna hiyo husikiliza neno kwanza, na ndiyo maana akipata maneno mazuri anafika mbali sana, na akipata mabaya anazama nayo.

Penthesilea ni ushahidi wa upande ulio mzuri. Maneno yake yanatoka katika tamthilia ya Heinrich von Kleist ya mwaka 1808: malkia wa Waamazoni, kabila la wanawake wapiganaji, na Achilles, shujaa wa Wagiriki, wanapendana katikati ya vita vya Troya, lakini kila mmoja hajui njia nyingine ya kumpata mwenzake ila kumshinda, hadi malkia anawaachilia mbwa wake wamshambulie Achilles na yeye mwenyewe anamrarua kwa meno. Katika Kijerumani cha Kleist, neno la mabusu na neno la kung'ata yana kina kimoja, na malkia anasema kwamba apendaye kwa moyo wote aweza kulishika moja akidhani ni jingine. Schoeck aliusikia mkanganyiko huo na kuujenga ndani ya okestra yenyewe. Fidla, ambazo katika opera nyingi ndizo hubeba mapenzi, amezipunguza hadi nne tu, na nafasi yake imejazwa na klarineti kumi, vyombo vya nyuzi vya sauti nzito, na piano mbili zinazogongwa kama ngoma. Baada ya onesho la kwanza, Dresden, Januari 1927, aliongeza wimbo wa wapenzi hao wawili, ambao ndio pumziko pekee katika kazi nzima. Kwa waliozoea utamu wa Strauss ilikuwa kali mno, na kwa wafuasi wa muziki mpya wa Vienna, wa akina Berg, bado ilikuwa na harufu ya zamani. Kwa hiyo haikupata kundi la kuitetea.

Kuhusu Dürande, katika miaka ya karibuni mwandishi Francesco Micieli aliondoa sehemu kubwa ya maneno ya Burte na kuweka maneno ya Eichendorff, aliyeandika hadithi ambayo opera hiyo inatokana nayo, na opera ikaimbwa upya Bern mwaka 2018. Muziki unapumua vizuri zaidi, ingawa mwaka 1943 haufutiki juu yake.

Wewe uliyeipenda Penthesilea, tafuta sasa Notturno, aliyoitunga kati ya 1931 na 1933 kwa sauti ya baritoni (sauti ya kiume ya kati) na vyombo vinne vya nyuzi. Isikilize usiku, ukiwa na maneno ya mashairi mkononi.