Ukimpa mhudumu kazi, mwambie na lini akuite

Ilikuwa zamu ya usiku kwenye wodi ya wazazi, hapa Dar. Wauguzi tulikuwa wawili, mhudumu wa afya mmoja, vitanda vyote vimejaa. Mhudumu mwenyewe ni mama wa umri wa mama yangu. Nikamwamkia, nikamwambia, "Mama, naomba unisaidie kupima presha upande wa dirishani." Nikakimbilia kwa mzazi aliyekuwa anatoka damu.

Saa kumi alfajiri, nikipitia mafaili, nikakuta kwa mwandiko mzuri kabisa: 168/112, saa saba na nusu usiku. Mzazi huyo alikuwa na siku ya pili tangu ajifungue. Nilipomwamsha akasema kichwa kinamgonga na macho yana ukungu. Hizo ni dalili za kukaribia kifafa cha mimba, yaani degedege linaloendana na presha kupanda, nacho kinaweza kumpata mama hata mtoto akishazaliwa. Namba ya juu ya presha ikifika 160, au namba ya chini 110, hiyo ni dharura. Daktari aliitwa, dawa ya presha na magnesiamu ya kuzuia degedege zikaanzishwa, na mama akapona. Lakini saa mbili na nusu zilikuwa zimepotea.

Nilipomuuliza mhudumu mbona hakuniita, akajibu, "Sista, ulisema nipime. Nimepima."

Alikuwa sahihi. Kosa lilikuwa langu.

Siku hizi nasema hivi: "Kitanda namba nane, mpime sasa hivi na tena saa nane. Ikifika juu 160 au chini 110, au akilalamika kichwa, acha kila kitu uje uniite." Kisha namwomba anirudishie nilichosema. Wengine huona kama nawadharau, kwa hiyo nawaeleza mapema kwamba nahakikisha mimi nimeeleweka.

Kuogesha, kutandika, kumgeuza mgonjwa kila saa mbili asipate vidonda, kupima kiasi cha mkojo na kukiandika, haya wahudumu wengi huyafanya vizuri kunizidi. Dawa, sindano, kumpima mgonjwa anapopokelewa na kuamua hali yake, hayo sigawi hata wodi ifurike. Leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga ina jina langu, na likitokea la kutokea nitaulizwa mimi.

Ila kazi ileile hubadilika kufuatana na mgonjwa. Kumlisha uji mgonjwa aliyevunjika mguu ni kazi ya mhudumu. Aliyepata kiharusi jana, ambaye hakuna aliyeangalia kama anameza vizuri, uji huohuo unaweza kuingia mapafuni. Huyo usimwachie mhudumu.

Mhudumu mgeni kaa naye mara ya kwanza, hasa kwenye kuhesabu pumzi. Inatakiwa dakika nzima, macho kifuani, bila kumwambia mgonjwa unahesabu nini. Ukikuta wodi nzima imeandikwa 20, ujue hakuna aliyehesabu, na usimgombeze mbele za watu. Mchukue pembeni, hesabuni wote wawili.

Na akija kukuita, inuka. Ukimjibu "si ungesubiri kidogo", kesho hatakuja. Juzi yule mama mhudumu alinifuata hadi chumba cha dawa: mzazi ana 142/90 lakini "hanipendezi uso." Nikaenda. Tukapima tena pamoja, presha ikawa ileile, mzazi alikuwa na njaa tu. Nikamwambia mhudumu ahsante, palepale kitandani, mzazi akisikia.