RTP, skata, volatiliti: maneno ya sloti yanavyogusa salio lako

Kwenye sloti, yaani michezo ya kamari ya kuzungusha alama, kitufe ninachokibonyeza kwanza si cha kuzungusha. Ni kile kidogo cha maelezo pembeni ya kioo. Humo kuna jedwali la malipo, na karibu maneno yote yanayowachanganya watu yamefafanuliwa humo. Huwa nasoma kabla sijaweka dau lolote, na mara nyingi nikishasoma naghairi.

RTP ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko yote. Ni asilimia ya madau yote ambayo mchezo umepangiwa kuwarudishia wachezaji, kwa hesabu ya mizunguko mingi mno. Mtu akiona 96% anadhani akiingia na 100 atatoka na 96. Sivyo. Makato, yaani ile 4% inayobaki, yamo katika kila dau, na ulichoshinda ukikirudisha mchezoni nacho kinakatwa. Chukua dau la krediti 1 na mizunguko 600 kwa saa, yaani mmoja kila sekunde sita. Umechezesha krediti 600, na 4% yake ni 24. Hiyo ndiyo bei ya saa moja kwa wastani. Pandisha dau hadi 5, bei inakuwa 120, zaidi ya zile 100 ulizoingia nazo.

Nasema wastani kwa sababu saa yako inaweza kwenda popote, na umbali inaoweza kwenda ndio unaoitwa volatiliti. Ikiwa ya chini, mchezo hutoa vidogo vidogo mara kwa mara. Ikiwa ya juu, salio linakauka kwa muda mrefu, kisha labda lije fungu nono. Michezo miwili yenye RTP ileile inaweza kutofautiana kabisa hapa. Mwenye salio dogo akikaa kwenye volatiliti ya juu, mara nyingi huliwa kabla hilo fungu halijafika.

Kuhusu mistari ya malipo, ile ambayo alama zikipangana juu yake unalipwa, angalia jambo moja ambalo nimelishuhudia mara nyingi. Mchezo una mistari 20, krediti 1 kwa kila mstari, kwa hiyo kila mzunguko unakula 20. Alama tatu zinapangana, muziki unalia, maandishi ya dhahabu yanatokea: umeshinda 8! Salio limeshuka kwa 12. Mashine inasherehekea hasara yako, na wewe unatabasamu. Ndiyo maana mimi huzima sauti na macho yangu hubaki kwenye salio.

RNG ni programu inayozalisha namba za kubahatisha bila kupumzika, hata kama hakuna anayecheza. Ukibonyeza, namba ya wakati huo ndiyo imeshaamua. Kuzunguka kwa rili, zile safu za alama, ni maonyesho tu. Kwa hiyo mashine "iliyoiva" haipo, hata kama imekaa kutwa nzima bila kutoa. Na kule "kukosa kidogo" nako usikuamini. Mwaka 1984, Inge Telnaes alipata hataza nchini Marekani ya kutenganisha rili inayoonekana na hesabu iliyo ndani ya kompyuta. Alama nono unaiona kwenye rili kama alama nyingine, kumbe ndani imepewa nafasi chache sana. Ikisimama sentimita moja juu ya mstari, hukuwa karibu na chochote.

Jokeri na skata ni rahisi. Jokeri huziba nafasi ya alama nyingine. Skata hulipa au kufungua mizunguko ya bure popote inapotua. Jakpoti inayokua huchota kipande cha kila dau la wachezaji wote. Soma kama inadai dau la juu kabisa, maana kuna michezo ambayo bila dau hilo unaichangia tu, huwezi kuishinda.

Kisha bonasi, zile krediti za ziada unazopewa na kasino. Tafuta sharti la kuchezesha, ile namba iliyoandikwa mara 30 au mara 40. Bonasi ya krediti 100 yenye sharti la mara 30 inakutaka uchezeshe krediti 3,000 kabla ya kutoa kitu. Kwa RTP ya 96%, makato ya wastani hapo ni 120, wakati bonasi yenyewe ilikuwa 100. Zinapokuja na sharti la namna hiyo mimi huzikataa, na kwa kawaida kuna kisanduku cha kuondoa tiki wakati wa kuweka fedha.