Muulize Bibi Shamba: Msimu wa machungwa, na miche iliyonitia aibu

Barua za mwezi huu zimekuja kwa fujo, na nusu yake ni machungwa matupu. Sishangai. Ukipita Muheza, hapa kwetu Tanga, siku hizi, gari halijasimama sawasawa vijana wameshainua mifuko hadi dirishani. Nimechagua barua tano. Zilizobaki zitasubiri, msininunie.

SWALI: Shikamoo Bibi Shamba. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Makorora. Wanangu wanadhani machungwa yanatoka sokoni Mgandini, basi. Nataka niwapeleke Muheza Jumamosi wachume kwa mikono yao. Je, naingiaje kwenye shamba la mtu nisiyemjua? Na nitajuaje kama yameiva, maana naona mengi ni ya kijani? – Mama Watatu, Makorora

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiwacheke wanao. Mtu mzima na akili zake aliwahi kuniuliza hapa kwangu kama nanasi huangukia watu likiiva mtini.

Kwetu hakuna geti wala tiketi ya kuchuma, kuna hodi. Panda gari stendi ya Kange, shuka Muheza mjini, kisha chukua bodaboda kuelekea vijijini. Michungwa mingi iko nyuma ya nyumba za watu, huoni inapoanzia wala inapoishia. Ukimkuta mwenyewe, msalimie, kaa, kunywa maji ukipewa, ndipo useme kilichokuleta. Na usianze na bei. Anza na hili: "Baba, machungwa haya bado yako au umeshauza?"

Nakwambia hivyo kwa sababu wakulima wengi huuza mtini. Mfanyabiashara anakuja machungwa yangali machanga, anazunguka, anakadiria, wanapatana, analipa. Toka siku hiyo mti ni wa mkulima lakini chungwa si lake. Mzee wa watu ataona haya kukukatalia ukiwa na watoto, halafu wiki ijayo agombane na tajiri wake kwa ajili ya kikapu chako. Ila karibu kila nyumba huacha miti miwili mitatu ya kula wenyewe. Omba kuchuma hiyo. Pataneni mapema kama mtalipa kwa idadi au kwa ndoo, kabla mtoto hajagusa tawi. Yale wanayokula palepale chini ya mti kwa desturi hayahesabiwi, lakini usiache ikageuka karamu.

Sasa hiyo rangi. Chungwa huvaa umanjano kwa baridi ya usiku. Huku pwani usiku wa Julai unajifunika kanga moja ukalala, hiyo ni baridi gani? Kwa hiyo chungwa letu linaweza kuiva, likajaa maji na utamu, na ngozi yake ikabaki kijani vilevile. Yale yanayong'aa dukani yametoka nchi za baridi, na kung'aa kwake hakukuambii lolote kuhusu ladha. Chukua mawili yanayolingana ukubwa, moja kila mkono. Lililo zito ndilo lenye maji. Kisha pitisha kidole gumba kwenye ngozi: lililokomaa ni laini, lile changa lina vichunusi na ugumu fulani. Mwisho omba moja likatwe mle, kwa sababu chungwa si embe. Likishatoka mtini haliongezi utamu hata ulifukie kwenye majani wiki nzima.

Msiende alfajiri. Ngojeni umande ukauke, saa tatu saa nne hivi. Chungwa lililoloa limevimba maji, ukilibinya kidogo tu vile vifuko vya mafuta kwenye ngozi hupasuka, na kesho yake utaona baka la kahawia umbo la vidole vyako. Usiwaache watoto walivute, litang'oka na kuacha kishimo kwenye kitovu, na uozo huanzia hapo. Wafundishe kukata kwa mkasi, wabakize kikonyo kifupi. Ya juu yaanguliwe kwa kigoe, wawili wakitandaza kanga chini.

Na mkiona majani yameshonwa pamoja kama mpira, msiguse. Hao ni maji moto. Wanauma kweli, jina hawakupewa bure, lakini ndio walinzi wa shamba: wanakula wadudu wanaonyonya matunda. Mkulima akikuona unavunja kiota chao kwa fimbo, hata hodi yako nzuri haitakuokoa.

SWALI: Bibi Shamba, nimenunua nusu ekari Pongwe nijiandae kustaafu. Nataka michungwa ishirini na miembe miwili. Vitalu vya miche viko vingi barabarani na kila muuzaji anaapa kwamba yake ni ya kubebeshwa. Nachaguaje? – Mstaafu Mtarajiwa

JIBU: Ndugu yangu, umenigusa kwenye kidonda. Ngoja nikufunulie.

Nilikuwa bado kazini, bibi shamba mwenye pikipiki, nafundisha vijiji vitatu namna ya kuchagua miche. Siku moja wingu limefunga, masika yananyemelea, nikasimama kwenye kibanda cha miche kando ya barabara. Miche ilikuwa inafika kiunoni, majani manene yanameta. Nilipenda urefu. Muuzaji akaniambia ni Valensia, mimi nikajibu "nione kumi na mbili," nikafunga nyuma ya pikipiki, nikaondoka bila kuinama hata mara moja. Nikapanda, nikapalilia, nikamwagilia kiangazi. Mwaka wa tano, miche saba kati ya hiyo ikazaa malimau. Yale makubwa yenye ngozi ya mikunjo, makali kama mashtaka. Majirani wakawa wanakuja kuomba ya kuoshea samaki. Mpaka leo yuko mmoja, akinipita barazani, anauliza: "Bibi Shamba, machungwa yameiva?"

Kilichotokea ni hiki. Mche wa kubebeshwa ni miti miwili iliyounganishwa. Chini ni mlimau au mdanzi, ule wa machungwa machungu, mizizi yake ina nguvu. Juu ni jicho, yaani chipukizi dogo, lililochukuliwa kwenye mchungwa mzuri. Jicho likifa, au likizembewa, mlimau wa chini huchipua wenyewe na kupanda juu kwa kasi. Ndio maana miche yangu ilikuwa mirefu kuliko wenzake! Nilichagua ile iliyokwisha kuharibika, tena nikaisifu.

Kwa hiyo inama. Tafuta kovu la muungano, kwa kawaida shibiri moja hivi kutoka kwenye udongo. Hapo shina huwa na kifundo au hupinda kidogo, na juu yake ngozi hubadilika. Shina likiwa limenyooka toka chini hadi juu bila kovu, huo umeota kwa mbegu tu. Machipukizi yaliyo chini ya kovu hayatakiwi hata moja. Ukiyaona mengi, mwenye kitalu ni mvivu, nenda kwingine. Halafu chuma jani moja la juu, lisugue viganjani, nusa. Jani la mlimau linanukia limau waziwazi. La mdanzi utalijua kwa kikonyo, kina kibawa kipana pembeni kama jani dogo la pili. La mchungwa kibawa chake ni chembamba.

Hamia kwenye kiriba, ule mfuko wa udongo uliobeba mche. Kinyanyue. Kama kinakataa kunyanyuka, mzizi umetoboa na kuzama ardhini, na utakatika ukiuchukua. Mche wa kiunoni kwenye kiriba kidogo mizizi yake imejizungusha humo kama kamba kwenye ndoo, na ukiupanda hivyo itaendelea kuzunguka. Chagua wa magotini, wenye shina la unene wa penseli au zaidi.

Swali la mwisho ndilo la kwanza kwa uzito: "Mti mama uko wapi?" Mwenye kitalu anayejua kazi atakunyooshea kidole, au atakutajia shamba la nani. Akianza kukuhadithia kwamba miche inatoka "kwa wataalamu", muage kwa heshima.

Kuhusu eneo, nusu ekari ni kama mita za mraba 2,000. Michungwa 20 kwa nafasi ya mita 7 kwa 7 itachukua karibu mita za mraba 1,000, miembe miwili uipe mita 10 kila upande. Nyumba inabaki na pake. Chimba mashimo ya sentimita 60 kila upande kabla ya mvua, udongo wa juu uweke peke yake, uchanganye na samadi iliyooza, ndio uurudishe. Kovu la muungano libaki juu ya udongo. Ukilifukia, umerudi kwenye hadithi yangu. Masika yakianza Machi panda, na maua ya mwaka wa kwanza yapukute bila huruma. Ukitunza vizuri utaanza kula mwaka wa tatu au wa nne.

SWALI: Mimi ni mgeni Tanga, nimehamia Raskazone kikazi. Ni saa ngapi nzuri kwenda sokoni kununua matunda? Kila nikinunua fungu nafika nyumbani nakuta yaliyo chini mabovu. – Mgeni

JIBU: Karibu Tanga, na usitupe jina baya. Asubuhi mapema ndio kuna vitu vizuri, jioni ndio kuna bei nzuri. Huwezi kuvipata vyote viwili. Fungu hupangwa kwa macho yako, makubwa juu. Usinunue lililopangwa. Mwambie muuzaji, "Nitolee kwenye tenga," na uangalie mkono wake. Ukishakuwa mteja wake wa kila wiki utapata na nyongeza bila kuomba.

Jambo moja likae kichwani. Embe, ndizi, papai, parachichi, stafeli na fenesi unaweza kununua yakiwa magumu yakaivia nyumbani. Chungwa, chenza, ndimu, nanasi, tikiti na shokishoki, ulivyolinunua ndivyo utakavyolila.

SWALI: Bibi, nilikwenda Lushoto nikanunua miche mitatu ya plamu na mmoja wa peasi. Nimeisafirisha juu ya basi hadi Tanga mjini, imefika majani yamekunjamana. Itapona? Na itazaa? – Mpenda Matunda, Chumbageni

JIBU: Kupona huenda ikapona. Kuzaa, pole sana. Lushoto iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, wewe uko kwenye sifuri. Plamu na peasi zinahitaji kupigwa baridi ndipo zitoe maua. Hapa Chumbageni mche utakaa unatoa majani miaka yote, unasubiri baridi ambayo haiji. Mpe ndugu aliye Soni au Magamba, wewe ufuate matunda huko kila msimu; safari yenyewe kutoka Mombo kupanda milima inatosha kuwa faida.

Hilo la kuuweka juu ya basi lisirudiwe. Upepo ndio uliouumiza, sio jua. Miche mwagilia jioni ya kuamkia safari, sio asubuhi, kwa sababu kiriba kilicholowa humomonyoka. Uviringishe gunia lenye unyevu, uuweke ndani miguuni. Ukifika, kivulini siku kadhaa kwanza.

Usijilaumu sana lakini. Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, mwaka 1893 aliagiza vichipukizi 1,000 vya mkonge kutoka Florida. Vilivyofika hai na kupandwa Kikogwe, Pangani, vilikuwa 62. Mashamba ya mkonge unayopishana nayo barabarani yalianzia hapo. Na ukitaka kuona mimea iliyoletwa toka mbali ikakubali, panda Amani, milima ileile ya Usambara lakini upande wa Muheza. Wajerumani walianzisha bustani ya mimea pale mwaka 1902. Na hapohapo vijijini utakuta watu wana iliki, mdalasini na pilipili manga. Pilipili manga ukiwa na mti wa kuegemea itakubali hata huku chini, mradi umwagilie.

SWALI: Shikamoo Bibi. Niko darasa la tano. Kaka yangu anasema ukipanda mbegu ya chungwa unapata limau. Ni kweli? – Mwanafunzi, Ngamiani

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Si kweli, na nadhani kaka yako amesikia habari za miche yangu akachanganya.

Mbegu ya chungwa ina jambo la ajabu. Nyingi ndani yake hazina kijimche kimoja, zina viwili, au hata vitatu, na aghalabu vinavyoota hufuata mama yao moja kwa moja, kama nakala. Kwa hiyo utapata mchungwa, tena unaofanana na ule uliokula tunda lake. Tatizo ni kusubiri. Wa mbegu una miiba mingi na unaweza kukaa miaka saba, nane, ndipo uzae, wewe uko chuo. Ndio maana wakubwa wanabebesha.

Wewe fanya hivi. Kula chungwa, chagua mbegu kumi nono, usiziache zikauke, zioshe utelezi wake. Kata chupa ya maji katikati, itoboe chini, jaza udongo, zifukie kiasi cha kucha ya kidole gumba. Weka kivulini, mwagilia kidogo kila siku. Baada ya wiki tatu au nne anza kuhesabu. Hesabu miche, usihesabu mbegu, kwa sababu kutoka kwenye mbegu moja unaweza kuona viwili vimechomoza vimesimama bega kwa bega. Niandikie umepata mingapi kutoka kwenye kumi, na kaka yako aandike jina lake chini kuwa shahidi.