Linavyobadilika au vinavyobadilika?

Swali: Natafsiri makala ya fizikia. Niliandika: "Modeli ya kinadharia inaonyesha umbo la viini vya isotopu za elementi nzito linavyobadilika." Mhariri wangu amegeuza neno la mwisho kuwa "vinavyobadilika". Nani kapatia?

Jibu: Umepatia wewe, na sababu haiishii kwenye sarufi. Kiambishi cha mwanzo wa kitenzi ndicho kinachomwambia msomaji kilichobadilika ni nini. Li- inarejelea umbo, vi- inarejelea viini, yaani sehemu za katikati za atomi, na katika fizikia hayo ni mambo mawili yaliyo mbalimbali kabisa. Kiini cha uraniamu-238 (namba ni jumla ya protoni na nyutroni zake) kikitoa chembe ya alfa, yaani protoni mbili na nyutroni mbili zilizoshikamana, kinageuka kuwa kiini cha thoriamu-234. Hapo kiini chenyewe kimebadilika, na mhariri wako angekuwa na haki.

Sasa tazama risasi-186, mojawapo ya isotopu za metali ya risasi, yaani aina za elementi moja zinazotofautiana kwa idadi ya nyutroni tu. Mwaka 2000 watafiti waliripoti kwamba kiini chake kinaweza kuwa tufe, kuwa bapa au kurefuka, na nishati za hali hizo tatu zinakaribiana sana. Protoni ni zilezile 82, nyutroni zilezile 104. Kiini ni kilekile, umbo ndilo linalobadilika. Kazi kubwa ya modeli za namna hii ni kukokotoa nishati ya kiini kwa kila umbo, kisha kutafuta ni katika umbo gani nishati hiyo inashuka zaidi. Ukiiondoa li-, umeondoa kitu chenyewe kinachochunguzwa.

"Vinavyobadilika" ina tatizo jingine, nalo hupita bila kuonekana. -Vyo- hutumika kwa namna ya kutenda, lakini pia ndiyo kirejeshi cha ngeli ya vi-. Kwa hiyo msomaji anaweza kuelewa "viini ambavyo hubadilika", kana kwamba vipo vingine visivyobadilika. "Linavyobadilika" haina utata huo, kwa sababu kirejeshi cha umbo ni -lo-: umbo linalobadilika.

Ningekurekebisha kwenye umoja. "Umbo la viini" linadokeza kwamba viini vyote vina umbo moja. Zebaki inakataa: viini vya zebaki-181, 183 na 185 vimerefuka waziwazi, ilhali vya 182 na 184, vilivyo katikati yao, vinakaribia kuwa tufe. Andika "maumbo".

Na "nzito" iache hapohapo ulipoiweka, baada ya elementi. Isotopu na elementi ziko ngeli moja, hivyo upatanisho hautamsaidia msomaji. Mahali pa neno ndipo panapoamua. Deuteri ni isotopu nzito ya haidrojeni, elementi nyepesi kuliko zote. Zebaki-181, kinyume chake, ni isotopu nyepesi ya elementi nzito.

Sentensi yako basi isomeke hivi, na "jinsi" nimeiongeza makusudi ili namna ya kubadilika isikike mapema: "Modeli ya kinadharia inaonyesha jinsi maumbo ya viini vya isotopu za elementi nzito yanavyobadilika."