Kwa nini miche ya chini ya gunia hunyauka

Ndugu, umeuliza kwa nini miche ya sukuma wiki uliyoipanda kwenye matundu ya ubavuni mwa gunia, sehemu ya chini, inanyauka ilhali ya juu inastawi, na kwa maelezo yako gunia hilo limejazwa udongo mtupu, bila nguzo ya kokoto katikati. Huko Kibera, Nairobi, ambako kilimo cha magunia kilienea kuanzia mwaka 2008 kwa msaada wa shirika la Solidarités la Ufaransa, wakulima huchukua kopo kubwa lililokatwa kitako na mfuniko, hulisimamisha katikati ya gunia, hulijaza kokoto na kulizungushia udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, kisha hulivuta juu taratibu na kurudia hivyo mpaka gunia lijae, ili maji yanayomwagwa juu yapenye kwenye kokoto na kuifikia mizizi ya chini kabisa. Nakusihi usizidishe maji, kwa kuwa udongo wa juu utageuka tope na wa chini ubaki mkavu. Ni afadhali ulimwage gunia ulijaze upya, ingawa kazi hiyo inachosha.

Matundu yapishane, yasifuatane katika mstari mmoja. Maji yaliyooshea mchele yanafaa sana kwa kumwagilia. Jambo ninalolisisitiza zaidi ni udongo wenyewe: usiuchote kando ya barabara kuu wala karibu na jaa la taka, kwani huenda una madini ya risasi, ambayo ni sumu, nayo mboga hizo ndizo watakazokula watoto.